Kopo Mwoga na Mtu wa Betri

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukitoka kwa mwenye duka wa jirani na nyumbani, maana mama hana simu. Yeye husimama pale kaunta akasema anachotaka, mwenye duka akaandika. Ulisema hivi: "Mama yako anasema yule mzee wa Kopo amefariki jana. Mazishi kesho Mwamapalala. Anasema usije na suruali." Niliusoma nimesimama, nikaketi, nikausoma tena kana kwamba kuna herufi moja imekosewa, nikiisahihisha mzee atakuwa hai. Ndivyo nilivyo. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnajua kuwa niliishia darasa la saba, kwamba nilijifunza kuandika kutoka kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kwamba hofu ya kukosea natembea nayo kama mchanga ndani ya kiatu. Makala haya nimeyaanza mara tisa. Yale manane ya kwanza yaliandikwa vizuri kuliko haya, na yote manane yalidanganya.

Aliyefariki alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya huku kwetu. Hospitali yenyewe siitaji, si kwa kuogopa, bali kwa sababu nikiitaja moja, nyingine kumi zitashusha pumzi na kudhani hazihusiki. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupiga deki, kubeba mabeseni na kumwaga uchafu. Nilimfahamu nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, kila mwenye pipa na bomba akawa muuza mafuta ya taa, na mtu fulani ambaye sitamjua kamwe akayachanganya na petroli. Koroboi yetu ililipuka juu ya meza nikiwa nafanya hesabu za shule. Nilifika wodini nimefungwa kanga ya mama kuanzia kiunoni hadi goti la kushoto.

Asiyewahi kuungua hajui kwamba moto wenyewe ni mfupi. Kirefu ni kidonda. Kila asubuhi, saa tatu, tulisikia magurudumu ya toroli la dawa likija kwenye korido, na wodi nzima ikanyamaza kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Bandeji ya jana ilikuwa imeshikana na nyama, na ilikuwa lazima itoke. Akina mama waliambiwa watoke nje kwa sababu eti wanawatia watoto udhaifu. Nesi alikuwa mmoja, vitanda kumi na nne, na wakati huo familia ndizo zilizokuwa zikinunua bandeji na glavu madukani, kwa hiyo hata mikono yenye nia njema ilikuwa na haraka. Wahudumu walikuwa wawili, na kazi yao saa hiyo ilikuwa kutushika miguu.

Yule mzee alikataa kushika miguu. Alitengeneza mtu. Tumbo lilikuwa kopo la mafuta ya kula, kichwa kopo dogo la maziwa, macho visoda viwili, mikono waya wa uzio, na ndani alishindilia pamba aliyoiokota barabarani msimu wa magari ya pamba yanapopita yakidondosha. Alimwita Kopo. Asubuhi alitangulia toroli, akachuchumaa nyuma ya kitanda cha kwanza, na Kopo akainuka juu ya shuka akitusalimu Kisukuma kwa sauti ya kukwaruza:

"Mwangaluka, wagonjwa wenzangu."

"Mwangaluka, Kopo."

"Leo naomba tuanze na huyu wa Kimali. Mimi tumbo linaniuma tangu juzi."

Wa Kimali alikuwa binti wa miaka sita, kitanda cha jirani na changu, aliyeangukia majivu ya moto na kuungua mkono wa kulia. Alikuwa hacheki na mtu. "Uongo," alisema. "Hata jana ulisema tumbo."

"Jana lilikuwa la juu. Leo la chini."

"Wewe ni kopo. Huna la chini. Anza."

"Yee mayu, mama yangu! Nesi, mchome sindano mtoto huyu, ana roho mbaya."

Wodi ilicheka, na nesi, ambaye nadhani alihitaji kicheko kuliko sisi, alianza kufungua kitambaa alichofungwa Kopo kwenye mkono wake wa waya. Kopo alilia bila aibu hata kidogo. Aliwaita mama zake watano, akaomba arudishwe dukani, akasema atakufa na pamba yake agawiwe maskini. Ndipo yule binti alipoushika ule mkono wa waya kwa mkono wake mzima, akaukaza: "Nyamaza. Pumua. Inaisha sasa hivi. Mbona mtu mzima hivyo." Na wakati akimwambia hayo, bandeji ya binti mwenyewe nesi alikuwa ameshaitoa nusu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sijapata njia nzuri zaidi ya kulisema. Mtoto anayeumwa huletewa mashujaa. Anaambiwa kuwa jasiri, usilie, tazama mwenzako halii. Mzee yule, ambaye hakusomea lolote, alijua kwamba mtoto aliyelazwa ana watu wengi mno wa kumwonea huruma na hana hata mmoja wa yeye kumwonea. Akamletea mwoga anayemzidi. Hivi majuzi nimesikia redioni kwamba katika nchi za mbali wataalamu wanaunda roboti za kukaa na watoto hospitalini ili kuwapunguzia hofu, na mtangazaji alisema kwa mshangao kwamba zile zinazopendwa zaidi ni zile zinazohitaji kutunzwa na mtoto mwenyewe. Niliizima redio kwa hasira. Sina ugomvi na wataalamu hao. Ugomvi wangu ni kwamba huku kwetu tulikuwa na mtu aliyelijua hilo akiwa na fagio mkononi, na tukamfukuza kazi.

Maana roboti halisi tulikuwa naye. Wageni wa mradi mmoja walimleta kabla sijalazwa: rangi ya fedha, urefu wa mkono wa mtoto, macho mekundu, ukimbonyeza kifuani anatembea na kusema maneno ya Kiingereza kwa sauti ya kijeshi. Sisi tulimwita mtu wa betri. Alikaa ofisini kwa matroni, ndani ya kabati la vioo, mgongoni amepakwa namba ya mali kwa rangi nyeupe. Tuliruhusiwa kumwona mlango ukiwa wazi. Mhudumu alimwomba matroni mara mbili kwamba mtu wa betri ashuke wodini saa tatu asubuhi tu, na nusu saa baadaye atarudi. Alijibiwa kwamba watoto watamvunja, na akivunjika wageni wakirudi wataonyeshwa nini?

Nataka niwe wa haki, kwa sababu hasira isiyo ya haki ni kelele tu. Matroni hakuwa mtu mbaya. Alifanya hospitalini kile ambacho mama zetu wote wanafanya sebuleni. Nani kati yetu hana nyumbani kabati la vioo lenye glasi sita ambazo bado zina karatasi ya dukani, zinazongoja mgeni, huku wenye nyumba wanakunywa kwenye vikombe vya bati? Hivyo ndivyo tunavyokipa kitu heshima: tunakifungia. Soko lilipofunguliwa vikaja vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, nasi tukanunua kwanza kabati. Mimi mwenyewe nina daftari la jalada gumu nililopewa zawadi miaka minne iliyopita, na sijaandika humo hata neno moja kwa kuogopa kulichafua. Lakini glasi haina homa. Daftari haliungui. Kuna vitu ambavyo kuvifungia ni kukosa adabu tu, na kuna vingine ambavyo kuvifungia ni ukatili, na mtu mzima mwenye ufunguo mkononi anapaswa kujua tofauti.

Sasa nifike pale ambapo makala manane yalipita pembeni. Wageni walitangaza kurudi. Wiki nzima wodi ilipakwa chokaa, shuka zikatoka stoo, na matroni akapita kitanda kwa kitanda akitafuta mtoto anayesoma bila kukwama. Alinichagua mimi. Alinipa sentensi moja kwenye kipande cha karatasi: "Tunacheza na roboti huyu kila siku na tumesahau maumivu." Nilijua kuwa ni uongo. Nataka mjue kwamba nilijua. Lakini kilichonisumbua haukuwa uongo. Kilichonisumbua kilikuwa kuikosea. Niliisema kimoyomoyo nikipelekwa msalani, niliisema chini ya shuka, niliamua wapi nipumue. Binti wa Kimali aliniuliza, "Utawaambia na Kopo?" Nikamjibu, "Kopo hayumo kwenye karatasi."

Siku ilipofika mtu wa betri aliwekwa kitandani kwangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa baridi. Alitembea hatua nne juu ya blanketi, akasema maneno yake, akafika ukingoni, matroni akamdaka. Wageni walipiga makofi. Kamera iliponielekea, nilisema sentensi yangu pasipo kuacha hata silabi moja. Mlangoni alisimama mhudumu na fagio lake la deki. Aliniangalia, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama zote. Hakuwa na kinyongo. Ningepona mapema zaidi kama angekuwa nacho. Halafu mgeni mmoja akamwona Kopo kwenye kitanda cha jirani, akauliza kile ni kitu gani, na matroni akasema haraka, "Takataka tu, inaondolewa leo." Iliondolewa kweli. Jioni ile mtu wa betri alifutwa kwa spiriti na kurudishwa kabatini, na Kopo akatupwa kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya jengo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wodini kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akaagizwa ajifanye amepona.

Kesho yake toroli lilikuja bila kutanguliwa na mtu. Mhudumu alikuwa amepelekwa kufua shuka. Binti wa Kimali alishikwa na watu wanne, na sauti aliyoitoa sitaielezea. Mama yake alikuwa nje ya dirisha ameziba masikio kwa viganja. Siku ya tatu hakulia tena. Aliangalia dari, chakula kikapoa, akiulizwa hasemi. Kesho yake nikachukua kikombe changu cha bati, nikakiinua juu ya shuka, nikakwaruza koo langu: "Mwangaluka, mgonjwa mwenzangu." Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeshika kikombe. Niliisikia mwenyewe nikaona aibu, nikaacha. Sikujaribu tena. Siku chache baadaye mama yake alimbeba mgongoni kumrudisha Kimali kabla mkono haujafunga, akisema bora aumie nyumbani ambako atamshika mwenyewe.

Wageni waliporudi kwao waliandika barua ya sifa. Hospitali ikaiweka kwenye fremu pamoja na picha yangu, na chini yake sentensi yangu ikapigwa chapa kwa herufi kubwa. Haikuishia ukutani. Wakati ule lilipita lile fagio la kupunguza wafanyakazi, kila idara ikitakiwa kusema nani anaweza kukosekana, na hospitali ikaandika kwamba kwa kuwa wodi ya watoto sasa ina kifaa cha kisasa cha kuwaliwaza wagonjwa, mhudumu mmoja anatosha badala ya wawili. Aliyebaki ni yule aliyeshika miguu. Aliyeondoka alinisimulia haya mwenyewe miaka kadhaa baadaye, nilipomkuta kwenye kituo kimoja cha kununua pamba hapa Bariadi, akishindilia magunia kwa miguu, nywele zimejaa pamba. "Nimerudi kwenye tumbo la Kopo," aliniambia. Kisha akaniuliza kama ni mimi ninayeandika gazetini, na nilipokubali akasema, "Nilijua utafika. Siku ile hukukosea hata neno." Alisema akicheka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Badala yake nikamuuliza bei ya pamba mwaka huo.

Nikaanza kumwandikia barua ya kumwomba radhi. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi mno, ya pili ilijitetea, ya tatu niliona hata salamu yake haimfai mtu wa umri wake. Zipo saba, nimezifunga kwa uzi. Nilikuwa natafuta barua isiyo na kasoro ya kumpelekea mtu aliyetengeneza mtu kwa makopo mawili na waya.

Mwamapalala tulimzika saa nane mchana. Katibu wa sasa wa hospitali alikuja na gari, akapewa nafasi ya kusema. Alifungua karatasi na kusoma kwamba marehemu alikuwa mpenzi wa watoto, na kwamba atakumbukwa kwa jinsi alivyowahudumia akitumia roboti wa kisasa aliyetolewa na wahisani. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Nilihisi goti langu la kushoto linawaka kama siku ya kwanza. Wamemnyima yule roboti akiwa hai, wamemwachisha kazi kwa sababu ya yule roboti, na sasa wamemzika naye. Na maneno yale yalitoka wapi kama si kwangu?

Nilipokuwa naondoka, mwanamke mmoja alinishika kanga. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, ngozi imevifunga kama ngumi isiyofunguka. Alikuwa ametoka Kimali kwa baiskeli.

"Wewe ndiye wa kikombe," alisema.

Niliutazama ule mkono.

"Uliacha mapema. Nilikuwa nangoja kesho yake, hukusema tena."

"Sauti yangu ilikuwa mbaya, mayu."

"Ilikuwa mbaya sana," alisema, wala hakunionea huruma. "Ningeisikiliza hivyo hivyo."

Kesho yake nilikwenda hospitalini, tena na suruali. Barua bado iko ukutani, na picha yangu, na sentensi yangu. Katibu alinipokea vizuri, akanionyesha mtu wa betri bado yumo kabatini. Niliomba kumshika. Betri zilikuwa zimepasuka ndani ya kifua chake miaka mingi iliyopita, zikatoa ukungu wa kijani uliokula waya zote, na nilipombonyeza kidole changu kilizama. Hajawahi kuvunjwa na mtoto. Niliomba basi ashushwe wodini hivyo alivyo, kuna mtoto atakayejua la kufanya naye. Katibu akasema mali ya serikali haitoki mpaka ifutwe kwenye daftari, na kamati ya kufuta haijakaa. Niliomba ile fremu iteremshwe kwa kuwa sentensi iliyomo ni ya uongo na mwenye sentensi ni mimi. Akacheka kwa upole, kama anayemwonea huruma mtu mwenye msiba. "Dada, ile ni historia ya hospitali. Na imeandikwa vizuri sana."

Imeandikwa vizuri, ndiyo. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza kuchapishwa, haina hata kosa moja la herufi, na imekaa ukutani miaka yote hii ikifanya kazi yake. Tangu hapo nimeogopa makosa ya nukta na mkato, na uongo ule sikuuogopa. Kama kuna somo nimelipata kwa marehemu, nimelipata nikiwa nimechelewa: kizuri kinachongoja siku ya kufaa kinaoza ndani ya kabati, kiwe roboti au barua ya radhi, na anayelipa ni mtoto aliyekuwa akingoja kesho yake. Kwa mtu anayeumia, sauti mbaya inayorudi kesho ni bora kuliko nzuri inayotunzwa. Leo nimelifungua lile daftari la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una mikwaruzo, kuna neno nimelirudia mara mbili, na nimeacha hivyo. Kwa kuwa hospitali imekataa kurekebisha ukuta wake, naomba wasomaji mnisaidie kurekebisha hapa. Sentensi sahihi ni hii: roboti yule tulimgusa siku moja tu, siku ya wageni, na maumivu hatukuyasahau, aliyekaa nasi kila siku alikuwa Kopo, na wote wawili, yeye na aliyemtengeneza, mliwatupa.

Nasahihisha tena. Tuliwatupa.